Redio inakoroma: kosa ni la risiva, la jirani au la taa yako mwenyewe?

Kabla hujaiuza redio yako ya amatea (ham, sisi tunaoongea hewani kwa hobi) kwa hasira, soma kwanza. Nimeshaona jamaa wawili watatu wanatoa risiva (redio ya kupokea) nzuri kabisa kwa bei ya kutupa, eti bendi ya mita 40 (MHz 7 na kitu) imejaa mikwaruzo, alafu aliyeinunua anaipeleka shamba kwao inasikia mpaka Brazili. Mi mwenyewe nusura niwe mmoja wao, nitawasimulia huko mbele. Shida ni kwamba masikioni kila kitu ni kelele tu, na mtu akisikia kelele anawaza kitu kimoja, redio mbovu. Lakini kelele ina kwao, na kuna vipimo viwili vitatu vya dakika chache vya kukuonyesha kwao ni wapi, wala huhitaji maabara.

Tafuta betri ya volti 12, hata ya gari poa, na redio ndogo ya mkononi yenye AM, na ujue kitufe cha ATT kiko wapi kwenye redio yako. ATT ndio atenyueta, kile kitufe watu wanakikimbia kwa sababu ukikibonyeza stesheni zote zinapungua. Leo ndio kitafanya kazi kubwa kuliko vyote.

Anza hapa

Chomoa antena. Weka redio kwenye bendi inayokusumbua, SSB (mtindo wa maamatea wa kurusha sauti), sauti ya kawaida, chomoa waya wa antena nyuma. Kelele ikishuka sana ukabaki na mvumo mdogo tu kama mvua ya mbali, basi risiva haina kosa, kelele inaingia kwa njia ya antena. Ikibaki vilevile na antena haipo, hapo kweli angalia redio, ila angalia kwanza saplai yake, manake zile saplai nyepesi zisizo na transfoma nzito zinapitisha uchafu kwenye waya wenyewe wa umeme wa redio. Weka betri. Ikinyamaza umeshamkamata.

Kwenye HF, yaani chini ya MHz 30, jibu karibu kila mara ni kwamba kelele imetoka nje. Ndio maana mi huwa nacheka nikisikia watu wanabishana risiva ipi ina masikio makali zaidi kwa mita 80 na mita 40, kwa sababu redio yoyote ya miaka hii inaweza kusikia chini sana kuliko kelele ya mjini inavyoruhusu. Ukiwasha priamp (kikuzaji cha mlangoni) usiku kwenye mita 40 unachokuza ni stesheni pamoja na kelele yake, S-mita (mita ya kuonyesha nguvu ya stesheni) inapanda unafurahi, maneno hayajawa wazi hata kidogo.

Na S-mita nayo tusemezane. Kuna mapendekezo ya IARU (umoja wa maamatea duniani) Kanda ya 1, kanda yetu hii ya Afrika na Ulaya, yanasema S9 kwenye HF iwe mikrovolti 50 kwenye mlango wa antena wa omu 50, yaani dBm -73 (dB zikihesabiwa kutoka miliwati moja), na kila S moja iwe dB 6 (dB ni ngazi ya kulinganisha nguvu, dB 10 ni mara kumi). Juu ya MHz 30 S9 ni mikrovolti 5, dBm -93. Hayo ni mapendekezo, sio sheria. Redio nyingi za kiwandani upande wa chini wa mita S moja haifiki hizo dB 6, kwa hiyo mtu akikwambia "kwangu kelele ni S7" na wewe kwako ni S4 msigombane kabla hamjajua kila mita inasema lugha gani.

Kipimo cha pili, zima swichi kubwa ya nyumba redio ikiwa kwenye betri. Waambie watu wa nyumbani mapema, usije ukakatiza mpira ukafukuzwa. Kelele ikikatika, adui yumo ndani mwako. Washa tena, alafu zima fyuzi moja moja mpaka ujue ni mstari gani, alafu chomoa kitu kimoja kimoja kwenye mstari huo. Ikiendelea, iko kwa jirani au kwenye nguzo, LAKINI kumbuka vitu vyenye betri yake vinaendelea kufanya kazi hata umezima: yupiesi, inveta, kontrola ya sola, taa ya dharura. Jamaa mmoja alizunguka mtaa mzima na redio mkononi, mhalifu alikuwa yupiesi ya kompyuta yake chini ya meza.

Kisa changu

Mi kelele yangu ilikuwa inaanza saa moja jioni kasoro kidogo na kukatika alfajiri. Nikasema ah, hiyo ni hewa, usiku mawimbi yanafika mbali kelele za dunia nzima zinakuja. Wiki tatu. Nikabadilisha waya wa antena, nikabadilisha koaksho (kebo ya kutoka antena mpaka redio), nikaingiza filta, nikatangaza redio inauzwa. Siku moja umeme ukakatika mtaani saa mbili usiku, nikaweka betri kwa kujifurahisha tu, mungu wangu, mita 40 kimya kabisa, jamaa wa kisiwa cha Reunion anaingia kama yuko chumba cha pili. Umeme ukarudi, na kelele ikarudi nayo ila sio papo hapo, ilichelewa sekunde kadhaa. Kitu gani kinachelewa hivyo na kinajua giza? Taa ya geti yenye jicho la mwanga.

Nikaenda kwa jirani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamweleza kwamba ile taa mpya ya getini inaisumbua redio yangu, akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa. Nikamwomba aizime dakika moja tu huku mwanangu nyumbani anasikiliza na simu iko hewani, mtoto akapiga kelele "baba imenyamaza!" akasikia mwenyewe. Nikamnunulia taa nyingine. Ile ya zamani nikaifungua: kwenye bodi yake ya saketi sehemu za koili na kapasita za filta zimechorwa, matundu yapo, vitu vyenyewe havijawekwa. Mtengenezaji kaokoa senti chache nami nikapoteza wiki tatu.

Kwa hiyo kabla ya chombo chochote, andika SAA. Kelele inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, mvua ikinyesha inakuwaje, umeme ukikatika inakuwaje. Hiyo karatasi ina thamani kuliko filta ya dola mia.

Kelele zenye sura

Mngurumo mkali wa mfululizo, kama nzi mkubwa ndani ya kopo, unasikika kuanzia mawimbi ya kati mpaka juu kabisa. Huo kwa kawaida ni cheche kwenye laini ya umeme. Umeme wetu ni hezi 50, cheche inaruka kila kilele cha juu na cha chini, kwa hiyo mlio unakuwa wa 100 kwa sekunde. Chanzo ni kile kikombe cha kauri kinachoshika waya kikiwa kimepasuka, au boliti iliyolegea, au viunganisho vyenye kutu, na huku pwani ongeza chumvi ya bahari inayogandana na vumbi. Dalili yake kubwa ni kwamba kiangazi inazidi, mvua ikipiga vizuri inapotea siku mbili tatu alafu inarudi. Kuitafuta tumia redio ya AM ya mkononi, ile yenye fimbo ya feraiti (kauri nyeusi yenye tabia ya sumaku) ndani: izungushe, mahali sauti inapokufa kabisa ncha ya fimbo ndio inaelekea kwenye kelele (au upande wa pili wake, kwa hiyo pima sehemu mbili). Ukikaribia AM itakudanganya, kelele itakuwa kila mahali kwa sababu inatembea na waya, hapo hamia masafa ya juu, redio yenye bendi ya ndege ya MHz 108 mpaka 137 ni nzuri sana kwa kuwa nayo ni AM na kelele ya cheche haifiki mbali huko juu. Nguzo inayolia kwa nguvu huko juu ndiyo yenyewe. Andika namba yake, ripoti. Usiipige na nyundo, usiitikise, usipande. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanafundishana kupiga nguzo na gogo ili wasikie kelele ikibadilika, kikombe kilichopasuka kikiachia waya hutakuwepo kusimulia.

Vivimbe vinavyojirudia. Ukizungusha frikwensi unakuta mlima wa kelele, alafu kimya, alafu mlima tena kila baada ya kHz 60 au 100 hivi, na milima yenyewe inahama polepole kitu kikipata joto. Hiyo ni saplai ya swichi: chaja ya simu, adapta ya kingamuzi, taa ya LED, chaja ya laptopu. Mwenye SDR (redio inayofanya kazi kwa programu ya kompyuta) anaiona kwenye skrini kama mistari minene inayoyumba. Dawa ya kwanza ni kukitupa kitu chenyewe. Dawa ya pili ni feraiti, na hapa watu wanakosea sana, wanabana kile kipete kimoja cha plastiki kwenye waya wanasema feraiti haifanyi kazi. Waya ukipita mara moja kwenye HF ni kama hujafanya kitu. Nguvu ya kuzuia inakua kwa mraba wa mizunguko, mizunguko miwili ni mara nne, mitano ni mara ishirini na tano, kwa hiyo tafuta pete kubwa ya mchanganyiko namba 31 kwa HF (43 inafaa zaidi ukienda juu) uzungushe waya mara nane, kumi, karibu kabisa na kitu kinachopiga kelele. Fanya hivyohivyo na koaksho yako pale inapoingia kwenye antena na pale inapoingia nyumbani, manake ngozi ya nje ya koaksho nayo ni antena, inabeba uchafu wa nyumba nzima inaupeleka juu alafu unashuka kwa ndani kama stesheni halali.

Kelele inayokuja na jua. Inaanza saa moja asubuhi, wingu likipita inabadilika, jioni inakufa. Sola, na hasa kontrola ya MPPT (ile ya kisasa) au inveta. Nyaya ndefu za kutoka paneli mpaka kontrola ndio antena ya kurushia. Zikiwa zimetenganishwa, chanya inapita ukuta huu hasi inapita ule, zinakuwa lupu kubwa na mambo yanaharibika zaidi. Zisokote pamoja, zifupishe, zungusha ZOTE MBILI pamoja kwenye pete moja karibu na kontrola, na upande wa betri fanya vivyo hivyo. Kontrola za PWM za kizamani mara nyingi ni tulivu kuliko MPPT za bei poa, hili nimeliona mwenyewe kwenye nyumba tatu.

Tik, tik, tik, moja kwa sekunde hivi, usiku na mchana. Fensi ya umeme. Viwango vya mashine hizo vinataka kati ya pigo na pigo pasipungue sekunde moja, ndio maana mdundo wake unatambulika hata ukiwa usingizini. Fensi iliyo salama haipigi kelele ya maana, kelele inatokana na cheche: jani linagusa waya, kiungo kimelegea, kishikio kimepasuka. Zunguka usiku taa zikiwa zimezimwa utaona vicheche vya buluu. Mwenye fensi mwambie kwa lugha yake, kwamba fensi yake inavuja na mwizi akifika itakuwa haina nguvu. Ataitengeneza kesho yake. Ukimwambia habari za mita 80 atakusikiliza kwa heshima tu.

Mipasuko isiyo na mpangilio, kraa, kra-kraaa, zaidi jioni na bendi za chini. Hiyo ni radi, na usihangaike. Sisi tumekaa jirani na bonde la Kongo, moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na bendi za mita 160 na 80 zinaileta yote sebuleni. Panda mita 20 au 15.

Na kinyume chake, mchana kweupe bendi zote za HF zinakufa ghafla, hata ile kelele ya kawaida inapungua, unadhani antena imekatika. Kabla ya kupanda paa subiri saa moja hivi. Jua likitoa mlipuko mkali mionzi yake inalijaza chaji tabaka la chini la ionosfia (anga ya juu inayorudisha mawimbi) upande ule wenye mchana na mawimbi yanamezwa humo, na sisi tulio karibu na mstari wa ikweta jua la utosini ndio tunaumia zaidi. Inarudi yenyewe, ikianza na bendi za juu.

Stesheni ambazo hazipo

Sasa hapa ndipo risiva inapoingia kizimbani kweli. Unasikia redio ya utangazaji kwenye MHz 7.105 ambako ni bendi yetu. Au muziki wa FM kwenye mita 2. Je, mtangazaji kavamia au risiva yako imejitungia?

Bonyeza ATT ya dB 10. Stesheni ya kweli itashuka dB 10. Ile ya kutunga, iliyozaliwa ndani ya risiva kwa stesheni mbili kubwa kuchanganyika, itashuka dB 20 au dB 30, yaani itaanguka kama embe bivu huku zingine zikibaki. Hesabu yake iko hivi: ya daraja la tatu unachukua moja mara mbili unatoa ya pili, mfano mtangazaji wa 7.205 na mwingine wa 7.305, mara mbili ya 7.205 ni 14.410 toa 7.305 unapata 7.105. Ya daraja la pili ni kujumlisha tu: wazee wa masafa mafupi wanaikumbuka Zanzibar kwenye kHz 11735, sasa jumlisha na mtangazaji wa 9500 unapata 21235, katikati ya mita 15 pale watu wanapopiga soga. Daraja la pili huanguka dB 20, la tatu dB 30. Hiki kipimo kimoja kimeniokolea lawama nyingi, kuna mtu alikuwa ameshaandika barua ya malalamiko.

ATT ikiondoa mzimu, acha ATT ikiwa imewashwa. Kabisa. Kwenye mita 40 usiku utapoteza nini, kelele ya nje iko juu mno hata ukikata dB 10 bado unaisikia antena. Kama ukikata mpaka kelele ya nje haisikiki tena ndio umepitiliza. Baada ya hapo ni filta ya bendi mbele ya risiva.

Ila kuna mzimu mwingine ambao ATT haiukamati, unashuka sawa na stesheni za kweli. Risiva rahisi zenye IF (masafa ya kati ya ndani ya risiva) moja ya kHz 455 zinasikia pia kitu kilicho mbali nazo kwa mara mbili ya hiyo, kHz 910. Mtangazaji yuko 15.200 wewe unamsikia 14.290 umekasirika kwamba kavamia mita 20. Ukipata stesheni ya ajabu, jumlisha 910 na utoe 910 uende ukaangalie huko, ukimkuta anasema maneno yaleyale basi kosa ni la risiva na hakuna cha kumlaumu mtu.

Redio za mkononi za bei poa nazo zina ugonjwa wao. Ukiwa na ule mkia wake wa mpira unasikia ripita (stesheni ya mlimani inayorudia sauti ifike mbali) vizuri, ukiunga antena kubwa ya juu ya paa inakuwa kiziwi. Watu wanasema antena mbovu. Sio, antena ni nzuri MNO, inaleta FM zote za mji za MHz 88 mpaka 108 ndani ya chipu moja isiyo na filta mlangoni, chipu inazidiwa. Vilevile zile fleshi za SDR za biti 8: kila biti inakupa kama dB 6, kwa hiyo una dB 48 hivi kutoka ya chini kabisa mpaka ya juu kabisa, na mnara wa FM ulio kilomita mbili unazila zote. Filta ya kuzuia FM ni kitu kidogo kama kidole, weka, utadhani umenunua redio mpya.

Kwani hakuna sheria?

Hapa ndipo kila mtu anapouliza kwa nini kiwanda kinaruhusiwa kuuza risiva yenye mlango wazi. Jibu ni kwamba miaka yote sheria zimemtazama anayerusha, sio anayepokea. Ukirusha nje ya masafa yako TCRA au CA (mamlaka za mawasiliano za Tanzania na Kenya) watakuja, risiva yako ikisikia kisichoihusu hiyo ni shauri yako.

Marekani wamelizungusha hili miaka mingi. FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, walifungua mjadala wa viwango vya risiva mwaka 2003, wakaufunga 2007 bila kutunga sheria, wakaufungua tena 2022, na 2023 wakatoa waraka wa misingi tu, hauna namba za kumbana mtu. Kilichowarudisha mezani ni mambo mawili yaliyowatia aibu. Kampuni ya LightSquared ilitaka kujenga mtandao wa simu kwenye MHz 1525 mpaka 1559, GPS iko jirani tu pale 1575.42, mwaka 2011 wakapima wakakuta risiva nyingi za GPS zinapofuka ingawa mrushaji yuko ndani ya mipaka yake, mradi ukafa. Alafu Januari 2022 ikawa zamu ya 5G iliyoanzia GHz 3.7 na altimeta za ndege (redio za kupima urefu kutoka ardhini) zilizoko 4.2 mpaka 4.4, mpaka ndege zikabadilishiwa ratiba. Zaidi ya MHz 200 katikati na bado watu waliogopa, kwa sababu hakuna sheria iliyokuwa imeandika altimeta iwe na mlango mgumu kiasi gani.

Ulaya wao wameenda mbele kidogo, ile sheria yao ya vifaa vya redio, 2014/53, inayotumika tangu Juni 2016, inahesabu upokeaji pia, na redio za amatea za kununuliwa tayari zina kiwango chao EN 301 783. Ila seti za vipande vya kujiunganishia, na redio aliyoitengeneza au kuibadilisha amatea mwenyewe, zimesamehewa.

Mi huo msamaha naukubali kwa mikono miwili. Siku watakaposema kila risiva ipite maabara, kijana anayeunga risiva ya vipande kumi na tano kwenye kibao cha mbao ndio mwisho wake, na hobi yenyewe imekwisha. Lakini cha kiwandani, cha dola elfu na zaidi, kiandikwe namba zake kwenye boksi. Kwa sasa tunategemea vipimo vya maabara ya ARRL, chama cha maamatea wa Marekani, na lile jedwali la Rob Sherwood, amatea mwenye kolsaini (jina la hewani) NC0B, ambalo limepanga risiva kwa jinsi zinavyostahimili stesheni kubwa mbili zilizo umbali wa kHz 2 tu. Hiyo kHz 2 ndio ya kuangalia. Matangazo ya kiwanda yanapenda kukuonyesha ya kHz 20, ambayo ni rahisi kwa sababu jirani wa mbali anakatwa na filta ya kwanza, jirani wa kHz 2 anaingia naye mpaka ndani ikiwa filta hiyo ni pana. Zenye dB 60 na kitu ni dhaifu, 90 kwenda juu ni mashine.

Jirani ham akishika maiki

Stesheni yako inafifia kila anapoongea, akinyamaza inarudi: umezibwa, risiva imezidiwa, ATT inasaidia. Kelele ya mvumo inapanda na kushuka na silabi zake lakini humsikii yeye, na ATT haibadilishi uwiano: hapo ni mawili. Ama osileta (kitengeneza mawimbi cha ndani) ya risiva yako ni chafu inachanganya mawimbi yake na uchafu wake yenyewe, ama yeye ndiye mchafu, kakaza maiki na amplifaya mpaka anamwagika kHz 10 kila upande. Kabla ya kumtukana azima risiva ya aina nyingine kabisa uisikilize kwenye antena ileile. Ikisikia uchafu uleule sehemu ileile, mpigie umwambie apunguze. Ikiwa safi, meza aibu yako.

Na wewe ukishika maiki

Yule mama jirani wa taa alikuja mwezi uliofuata. "Mwanangu, wewe ndiye bata anayeongea kwenye sabufa yangu?" Ndiye. SSB ikiingia kwenye amplifaya ya sauti inatoka kama bata, kwa sababu transista za mle ndani zinaigeuza redio bila kuombwa, waya wa spika ni antena na hakuna kilichoizuia. Transmita yangu ilikuwa safi, nimepima, ila kumwambia mtu "sabufa yako ndio haina kiwango" ni kweli isiyosaidia. Hata Marekani kwenyewe bunge liliipa FCC mamlaka tangu 1982 kuvilazimisha vifaa vya nyumbani vistahimili mawimbi, wakawaachia viwanda viamue kwa hiari.

Nilichofanya: tulichomoa waya wa spika moja, bata akapungua, wa pili, akatoweka. Kwa hiyo sio waya wa umeme wala wa fleshi. Pete mbili za 31, mizunguko tisa kila moja, zimebanwa na kamba nyuma ya sabufa pale waya unapotokea. Nikapiga CQ (wito wa kumwita yeyote) kwa wati 100 yeye amekaa sebuleni na chai. Kimya. Mita 10 bado inasikika kwa mbali kidogo, nimemwahidi pete nyingine ndogo, na mpaka nizipate mita 10 napiga akiwa ameenda sokoni.

Ukitaka kujua kama kazi yako yote imezaa kitu, nenda MHz 14.100 ukiwa kwenye CW (Morse). Kuna vinara 18 vya dunia (stesheni za kupimia masafa) vinapeana zamu sekunde kumi kumi, duru nzima dakika tatu, na cha Kenya, 5Z4B, kimo kwenye orodha. Kila kimoja kinataja kolsaini na mstari (mlio mmoja mrefu) wa kwanza kwa wati 100, alafu mistari mitatu, wati 10, wati 1, na wati 0.1. Kila hatua ni dB 10. Kabla ya ile taa kuondoka nilikuwa naishia mstari wa kwanza wa Afrika Kusini, ZS6DN, basi. Jana saa kumi na moja jioni nimehesabu mitatu, na wa nne nikauhisi, sijui niliusikia au niliutaka tu.